Kuachilia Si Kutupa

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wajumbe wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristu na wajitolea wanaotembelea wagonjwa, Upper Hill, Nairobi)



Tumeombwa tuzungumze juu ya kuachilia, yaani kutofungwa na vitu wala watu, ili roho ipate uhuru. Ni jambo linalohubiriwa sana wakati wa Kwaresima, na tena mwezi huu wa Novemba tunapowaombea marehemu wetu. Lakini tuseme ukweli. Mara nyingi anayelihubiri ameshiba, na anayehubiriwa hana cha kuachilia. Mama anayepanga chumba kimoja kule Kibera ukimwambia aache kupenda mali, atakutazama tu. Mali gani? Kwa hivyo hatutaanzia kwa mali. Tutaanzia hapa hapa mlimani tulipo, kwa wagonjwa tunaowatembelea, maana hao ndio wanaotufundisha habari hii.

Wakongwe kati yetu wanakumbuka Upper Hill ilivyokuwa. Zilikuwa nyumba za maofisa wa reli, za ghorofa moja, zenye paa za vigae na bustani kubwa. Siku hizi ukiinua macho unaona jumba la Britam lililokamilika mwaka 2017, lenye urefu wa mita 200 hivi, na mabenki na maofisi kila upande. Waliozijenga zile nyumba za reli hawakudhani zitabomolewa upesi hivyo. Na katikati ya majumba haya iko Hospitali Kuu ya Kenyatta, iliyoanzishwa mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40. Simama pale steji asubuhi mapema uone watu wanavyoshuka kutoka Kitui, Kisii, hata Turkana, mtu na faili yake kwapani. Kila anayeshuka pale ameshika kitu anachoogopa kukipoteza.

Kando ya hospitali hiyo iko Nairobi Hospice, iliyofunguliwa mwaka 1990, ya kwanza ya aina yake katika Kenya. Baadhi yetu tukisikia neno hospisi tunafikiri ni nyumba ya kwenda kufia. Sivyo. Hailazi wagonjwa. Kazi yake ni kutuliza maumivu ya mtu ambaye ugonjwa wake hauponi tena, kumfuata nyumbani kwake, na kuwafundisha jamaa zake namna ya kumtunza. Wajitolea wetu wengi wamekutana na wauguzi wa kazi hiyo vitandani mwa wagonjwa, na yale tutakayosema leo sehemu kubwa yametokana na kuwatazama wakifanya kazi.

Haya. Jambo la kwanza ambalo hatuna budi kulisema ni kwamba mtu mwenye maumivu makali hawezi kuachilia chochote. Tulikuwa na mzee mmoja upande wa Kawangware, kansa ya koo, hawezi kumeza hata uji vizuri. Mhubiri mmoja alikuja akamwombea saa nzima, akimhimiza ajikabidhi kwa Bwana na kuyaacha ya dunia. Mzee aligeuka akatazama ukuta. Watu wakasema moyo wake ni mgumu. Hakuwa na moyo mgumu, alikuwa na maumivu! Muuguzi alipokuja na mofini ya maji, ile ya kunywa, na kumpa kwa saa zake kama ilivyopasa, siku ya tatu mzee aliomba atolewe nje aketi kwenye kiti juani. Akiwa pale nje ndipo alipoanza mwenyewe kumtaja ndugu yake, ambaye walikuwa hawajasemezana tangu walipogombania mpaka wa shamba. Hakuna aliyemwuliza. Maumivu yaliposogea kando, yale mengine yalipata nafasi ya kutoka.

Aliyelitambua jambo hili vizuri ni Cicely Saunders wa Uingereza, na sisi wa kazi za jamii tunajivunia kuwa kabla ya kuwa daktari alikuwa mwuguzi, kisha mfanyakazi wa jamii hospitalini kama sisi. Alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya moyo, ya jamaa na riziki, na ya roho, yote yakiwa yamefungwa fundo moja. Mwaka 1948 alimhudumia Myahudi mmoja kutoka Poland, David Tasma, mhudumu wa hoteli, aliyekuwa akifa mbali na kwao, hana mke wala mtoto. Wakawa wanazungumza juu ya nyumba ambayo ingewafaa watu kama yeye. Alipokufa alimwachia Saunders pauni 500, akitaka awe dirisha katika nyumba hiyo. Nyumba yenyewe, St Christopher's ya London, ilifunguliwa mwaka 1967, miaka 19 baadaye. Tazameni hapo. Mtu huyu hakuwa na jamaa wa kumrithi, na angeweza kufa akilalamika kuwa maisha yake hayakuacha alama. Alichokuwa nacho alikiweka katika kitu ambacho alijua hatakiona.

Na dawa yenyewe si ya ajabu. Dr Anne Merriman, aliyewahi kuwa mtawa wa kimisionari kule Nigeria, alifanya kazi hapa Nairobi Hospice katika siku zake za mwanzo, kisha mwaka 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Huko mofini ya unga huchanganywa na maji na kutiwa kwenye chupa, na kuanzia mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu hata wauguzi waliofunzwa kazi hiyo kuwaandikia wagonjwa. Kwa hivyo, enyi wajitolea, mkifika kwa mgonjwa anayelia kwa maumivu, fungeni kwanza kitabu cha sala, mtafute muuguzi. Sala itangoja, haichachi.

Sasa tuje kwa ukweli. Jamaa zetu wana tabia ya kumficha mgonjwa ugonjwa wake. Daktari amesema, watoto wamesikia, majirani wanajua, hata kondakta wa matatu anajua, mwenye mwili ndiye pekee asiyejua. Huitwa upendo. Lakini wahenga walisema mficha maradhi kilio humwumbua, na sisi tumeona kwamba mgonjwa karibu kila mara anajua. Anawaficha watoto kuwa anajua, nao wanamficha kuwa wanajua, na nyumba nzima inaishi katika mchezo wa kuigiza hadi siku ya mwisho. Hapo hakuna anayeweza kuachilia kitu, maana huwezi kuaga kama hujakubali kuwa kuna safari.

Watu wakikosa ukweli hushika chochote. Mnakumbuka mwaka 2011, wakati wa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, kule kijijini Samunge, Tanzania? Kikombe kimoja kilikuwa shilingi 500 za kwao tu. Tatizo halikuwa shilingi 500. Watu walisafirishwa maelfu kwa maelfu, wengine kutoka hapa kwetu, wagonjwa mahututi wakilala barabarani ndani ya magari siku nyingi, na wengine wakaacha dawa zao za hospitali wakiamini wamekwisha kupona. Hatumhukumu marehemu yule. Tunaloliona ni kwamba tamaa ya kupona, iliyo njema na aliyoitia Mungu mwenyewe ndani yetu, inaweza kumfunga mtu kamba hata akapoteza zile wiki chache alizobakiwa nazo akiwa njiani. Na hapa Nairobi wapo wanaomwambia mgonjwa apande mbegu ya fedha ili apone. Hao tuwaite kwa jina lao, ni wanyang'anyi.

Hapo msitusikie vibaya. Hatusemi mtu asitibiwe. Kansa ya matiti au ya mlango wa kizazi ikigunduliwa mapema inatibika, na mama anayekaa nyumbani na uvimbe akisema amemwachia Mungu, huyo hajaachilia, ameogopa. Mpelekeni kiliniki, hata kama ni kwa kumsukuma.

Neno hili kuachilia lina hatari nyingine ambayo wanawake mliomo humu mnaijua kuliko sisi. Mjane akifiwa, shemeji zake wanakuja na Biblia mkono mmoja na kamba ya kupimia shamba mkono wa pili. Mama, achilia, ya dunia ni ya kupita. Kama ni ya kupita, mbona wao wanayataka? Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inawatambua mjane na watoto, wa kike sawa na wa kiume, kabla ya shemeji. Kuachilia hakuna maana ila kwa yule anayeshika, tena kwa hiari yake. Ukinyoosha vidole vya mwenzako kwa nguvu ili uchukue kilichomo, huo si uhuru wa kiroho hata ukiupamba kwa aya kumi.

Tukitaja shamba tumegusa kidonda chetu sote. Kulikuwa na mama mmoja upande wa Dagoretti, mjane, na ekari moja na nusu mashambani kwao. Kansa ilikuwa imefika kwenye mifupa. Madaktari walisema wazi kuwa kilichobaki ni kumtuliza. Wanawe wawili wakaunda kamati ya harambee ili apelekwe India, na harambee ilipokosa kutosha, wakataka shamba liuzwe. Mnunuzi alikuwa tayari. Siku ya kwenda kwenye bodi ya ardhi kuomba kibali ilikuwa imewekwa. Binti yake, ambaye ndiye aliyekuwa akimwosha na kumgeuza kila siku, hakuulizwa.

Tuliitwa ili tumshawishi mama atie sahihi. Tulipoketi naye tuliuliza swali moja tu, yeye anataka nini. Mama akanyamaza sana. Kisha akasema kwamba hawa watoto wanampigania kwa sababu baba yao alikufa wakiwa hawana hata nauli ya kumpeleka hospitali, nao hawajajisamehe. Akasema yeye yuko tayari kwenda, wao ndio hawako tayari. Angependa afe akisikia kuku wake, si katika nchi ambayo hajui hata namna ya kuomba maji.

Basi, aliyekuwa aking'ang'ania katika nyumba ile hakuwa mgonjwa. Ndivyo tunavyoona mara nyingi. Tunapeleka mahubiri ya kuachilia kitandani, na wenye kuyahitaji wamesimama mlangoni wakishika simu. Wale vijana walikuwa wanapenda, hakuna anayeweza kuwalaumu. Lakini mapenzi yao yalikuwa yamechanganyika na deni la zamani, nao walitaka kulilipa kwa shamba la mama na kwa mwili wa mama. Mkubwa alilia mbele yetu. Shamba halikuuzwa. Mdogo aliondoka kwa hasira akisema tumemwua mama yake, na hadi leo hajarudi Krismasi hata moja. Hatuwezi kuwaambia kwamba mambo yote yaliisha vizuri. Mama aliishi wiki tisa nyumbani kwake, akaandika wosia, akapokea Mpako wa Wagonjwa na Komunyo, na yule binti akatajwa katika wosia kwa jina lake.

Kuhusu wosia wacha tukae kidogo, maana wengi wanafikiri kuuandika ni kujiitia kifo. Mbona tunakata tiketi za basi na basi halianguki kwa sababu ya tiketi? Wosia wa kuandikwa unataka uwe mtu mzima mwenye akili timamu, utie sahihi au alama yako mbele ya mashahidi wawili, nao watie sahihi zao. Msiweke shahidi ambaye pia anarithi, maana atajipotezea fungu lake kama hakuna mashahidi wengine wawili. Wosia wa mdomo nao unakubaliwa, ukisemwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, lakini hufanya kazi tu ikiwa msemaji anakufa kabla ya miezi mitatu kupita. Na usimwache nje anayekutegemea ukidhani utamkomoa, kwa sababu anaweza kwenda mahakamani akapewa.

Mtauliza, wosia na roho vinahusiana vipi? Vinahusiana sana. Tumewaona watu wakilala usingizi usiku ule ule walioandika. Mpaka siku ile shamba lilikuwa linawamiliki, wanaamka nalo saa nane za usiku. Kisha wanalitaja ekari kwa ekari, huyu apate upande wa mto, yule apate penye mti wa parachichi, na kwa kulitaja hivyo wanaligeuza kuwa zawadi. Shamba liko pale pale, halijasogea hata inchi moja, ila mkono umefunguka.

Jirani zetu Wajesuti, walio na chuo chao cha Hekima kando ya Ngong Road tangu mwaka 1984, watawaeleza vizuri zaidi alivyofundisha Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Yeye alitaka mtu afike mahali ambapo moyo wake hauning'inii upande mmoja, iwe ni afya au ugonjwa, utajiri au umaskini, maisha marefu au mafupi, ila atumie kila kitu kadiri kinavyomsaidia kumfikia Mungu, na akiweke chini kinapomzuia. Ni jambo gumu. Wengine hulisikia wakadhani ni kuwa baridi, kama jiwe. Lakini Bwana wetu alilia kaburini kwa Lazaro ingawa alijua atakalolifanya. Na asubuhi ya Pasaka alimwambia Maria Magdalena asimshike, kisha papo hapo akamtuma kwa ndugu zake. Hakumkemea kwa kumpenda. Alimpa kazi, na kazi hiyo haikuwezekana akiwa amemshika miguu.

Hapa kwetu tunaye mfano ambaye wengine wenu mlipata Kipaimara mikononi mwake. Kardinali Maurice Otunga alizaliwa mwaka 1923, mtoto wa chifu Sudi Namachanja wa Wabukusu. Angeweza kushika kiti cha baba yake, naye akachagua upadre, ambao aliupokea Roma mwaka 1950. Kuanzia 1971 akaiongoza Jimbo Kuu la Nairobi, na mwaka 1973 akawa Mkenya wa kwanza kufanywa kardinali. Sasa sikilizeni lile tunalolipenda sisi. Alipostaafu mwaka 1997 alikwenda kuishi Nyumba ya Wazee hapa Nairobi, kwa Masista Wadogo wa Maskini, pamoja na wazee wasio na wa kuwatunza. Mkuu wa Kanisa, akila walipokula wao! Alifariki tarehe 6 Septemba 2003, na leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu.

Tunalotaka mlione ni kwamba hakuanza kuachilia mwaka 1997. Alianza akiwa kijana, kwa kiti cha uchifu, na katikati alishika madaraka makubwa kwa zaidi ya miaka 25 bila kuyakataa wala kuyakimbia. Yalipokwisha, mkono ulikuwa umezoea. Lakini tunawajua wenyeviti wa kwaya, hatutaji jumuiya, ambao kuwaondoa kwenye kiti kunahitaji paroko, katekista na karibu polisi. Mtu kama huyo akija kuugua atapata taabu kubwa, maana kitanda kitamnyang'anya kwa siku moja vyote ambavyo hakujifunza kuviweka chini mwenyewe.

Tumalizie kwa yule mzee wa Kawangware, tuliyemwacha kwenye kiti juani. Ndugu yake aliitwa. Alikuja, akakaa ukingoni mwa kitanda na kofia yake mikononi. Hawakuzungumza habari za mpaka hata kidogo. Walizungumza juu ya ng'ombe waliyekuwa naye utotoni, aliyekuwa akikataa kukamuliwa na mtu mwingine ila mama yao. Padre alipokuja kumpa Sakramenti ya Kitubio, mzee alikuwa amekwisha fanya nusu ya kazi. Mpaka wa shamba ulikuja kupimwa na watoto baada ya maziko, na tunasikia bado wanabishana kidogo, lakini wanabishana wakinywa chai pamoja.

Kuhusu maziko pia kuna neno. Tunashikilia heshima hata baada ya mtu kwenda. Maiti inalala mochari wiki tatu kwa sababu jeneza la bei fulani halijapatikana na hema halijalipiwa, huku gharama ikipanda kila siku, na mjane akibaki na deni ambalo litawatoa watoto shuleni. Kamati za maziko katika jumuiya zetu zina uwezo wa kusema hapana, maana mwenye kusema ni wengi, na hakuna mtu mmoja wa kulaumiwa. Jumuiya moja hapa parokiani imekubaliana juu ya siku zisizopita tano na jeneza la aina moja kwa wote, tajiri na maskini. Walinung'unikiwa mwanzoni. Sasa jumuiya za jirani zinawauliza fundi wao ni nani.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao tutakutana tena ukumbini humu baada ya Misa ya asubuhi kwa ajili ya wale wanaotaka kuandika wosia. Atakuwapo wakili anayejitolea, bila malipo. Kila mtu aje na kitambulisho, nambari ya shamba kama analo, majina kamili ya watoto wote, tunasema wote, na mashahidi wawili wasiorithi. Karatasi zipo. Kalamu mje nazo.